Mkurugenzi wa Watu Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Siku imeharibika asubuhi, na mwenye kosa ni benchi. Benchi la bustani ya mtaa, lile la karibu na bembea, ambako baba wakwe wote wa mtaa huu hukutana wakiwa na kofia za sufu na raba nyeupe, kila mmoja akimtangaza mkwe wake.

Baba mkwe yuko kwetu hapa Irving, Texas, tangu Desemba. Miezi sita, kama ilivyo desturi. Mwalimu mkuu mstaafu wa Guntur, India. Leo amerudi kutoka benchini amenyooka kama bakora. Akasema mkwe wake mkubwa, Chakradhar, sasa ni Makamu wa Rais. Wa benki, nikamkumbusha. Akasema hata hivyo. Nikamweleza kwa upole kwamba kwenye mabenki ya huko New Jersey makamu wa rais ni wengi kuliko wateja, ukipiga chafya kwenye lifti watano watakuombea afya. Akasema mwenye wivu ndiye anayehesabu vya wenzake.

Kisha akaniuliza mimi ni nani kazini. Anajua! Nikasema: Mchambuzi wa Mifumo, Daraja la Pili. Akasema alipokuja mara ya kwanza, mtoto wetu Nihira akiwa bado ananyonya, nilikuwa Daraja la Pili. Ni kweli. Mtoto sasa yuko darasa la tatu na mimi bado niko la pili.

Hajui maana ya kungoja kadi ya kijani, kibali cha kukaa Marekani daima. Mwajiri anapokuombea, anaombea kazi fulani, na kazi hiyo ndiyo wewe. Ukibadilika ukawa mtu mwingine, ombi linabaki la yule wa zamani. Kwa hiyo kila mwaka tajiri yangu, Raghuram, amenipa keki badala ya cheo.

Lakini! Hatua ya mwisho ya ombi tuliiwasilisha Agosti. Miezi sita imetimia na ziada. Sheria sasa inaniruhusu kuhamia kwa mwajiri mwingine na ombi likaendelea, mradi kazi mpya ifanane na ya zamani. Nimeshafanya usaili wa siri kwenye kampuni inayofuatilia malori ya friji. Anayejua ni mke wangu Sirisha tu. Ameniambia hama, lakini hama taratibu, kama mtu anayevuka chumba alicholala mtoto.

Ana haki ya kuogopa. Kwao ni daktari wa meno. Hapa amekaa ndani miaka minane kwa sababu visa ya mke haikumruhusu kufanya kazi. Tangu Novemba ana kibali, nacho kinaning'inia kwenye ombi langu. Anashika mrija wa kunyonya mate kwenye kliniki ya mtu, na anarudi nyumbani akiimba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata kazi! Bi. Darlene, mwenye kampuni, amepiga simu mwenyewe. Mzaliwa wa Texas, anaongea kama yuko ng'ambo ya malisho. Nianze tarehe thelathini na moja. Akasema yeye na makaratasi hawapatani, kwa hiyo niandike mwenyewe maelezo ya kazi kwa ajili ya barua ya ajira, maana mimi ndiye ninayejua wakili wangu anataka nini. Yeye atatia saini. Nikauliza kuhusu cheo. Akasema kampuni ina watu kumi na tisa, nijiite nitakavyo, hata Sultani.

Fisi kakabidhiwa bucha.

Nilikaa mezani baada ya chakula nikiwa na nia safi. Nikaandika: Mchambuzi wa Mifumo. Nikayatazama maneno hayo. Baba mkwe akapita nyuma yangu akiongea kwa simu na mtu wa Guntur, akimwambia kwamba koti alilovaa kanunuliwa na Makamu wa Rais. Mkono ukaanza wenyewe.

Matokeo: Mkurugenzi Mkuu wa Mifumo na Mikakati, Amerika Kaskazini. Ataongoza watu arobaini. Atatunga sera. Ataiwakilisha kampuni mbele ya wakuu. Hatagusa programu kwa mkono wake isipokuwa kwa dharura ya kitaifa.

Hiyo sentensi ya mwisho naipenda sana.

Jumamosi, 8 Machi

Barua imerudi na saini, bila swali hata moja. Nimeisahau kwa makusudi juu ya meza, karibu na miwani ya baba mkwe.

Aliisoma mara moja kimoyomoyo, mara ya pili kwa sauti, kama mbele ya wanafunzi asubuhi. Akasahihisha mkato mmoja kwa kalamu. Kisha akavaa kofia akatoka bila chai. Benchi! Alirudi adhuhuri akiwa mwepesi wa miguu, akasema yule mzee ambaye mkwe wake ni daktari wa moyo alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyumbani.

Sirisha ameuliza kama wakili ameiona hiyo barua. Nikamwambia ataiona, ni mambo ya kawaida tu.

Jioni Chakradhar amepiga kunipongeza. Alikuwa na sauti ya mtu anayemeza kwinini. Aliuliza kama hao watu arobaini wote watakuwa chini yangu. Nikasema kwa sasa, ndiyo. Akasema hongera tena, kwa sauti ya chini zaidi. Nimefurahi mpaka nikaosha vyombo.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kubwaga manyanga. Baba mkwe alifungua kalenda yake ya falaki tangu juzi akanionya: Jumatatu asubuhi kuna saa ya nuksi, inakwisha saa tatu. Kabla ya hapo usianze jambo wala usimalize jambo. Kwa hiyo nikakaa ndani ya gari kwenye maegesho ya ofisi, macho kwenye simu, wenzangu wakipita na kunipungia mkono. Saa tatu na dakika tano nikaingia.

Raghuram alianza kunigombeza kwa kuchelewa. Nikampa notisi yangu angali ananigombeza. Raha iliyoje!

Akakaa. Akasema amenilea kama mdogo wake. Akaniasa nisiache mbachao kwa msala upitao. Kisha akauliza kama wakili ameisoma barua ya huko ninakokwenda. Kila mtu na wakili! Nikamwambia, tajiri, mimi si mtoto.

Jioni baba mkwe akauliza nilijiuzulu saa ngapi. Nikamwambia. Akaitazama saa ya ukutani, akauliza ni saa ya zamani au saa mpya. Jana serikali ilisogeza saa zote mbele kwa saa moja kwa ajili ya kiangazi! Simu imejisogeza yenyewe, falaki haikusogea.

"Jua halipokei amri ya serikali, mkwe wangu," akasema.

Kumbe nilijiuzulu katikati ya nuksi yenyewe, kwenye kiini. Upuuzi. Mimi ni mtu wa sayansi. Nimetundika ndimu na pilipili ndani ya gari, kama kwetu wanavyofukuza nuksi, lakini hiyo ni kwa ajili ya harufu.

Jumatano, 12 Machi

Wakili amepiga. Bi. Feldman. Jana nilimtumia ile barua ili aiambatanishe na fomu ya kuwaeleza Uhamiaji kwamba kazi mpya ni ndugu wa kazi ya zamani. Alianza kwa salamu. Kisha akauliza kama niliiandika nikiwa nimelewa. Nikasema mimi sinywi pombe. Akasema basi hali ni mbaya zaidi.

"Cheo ningeweza kukimeza," akasema. "Lakini ombi linamtaja mtu anayeandika programu kutwa, na barua inasema hatazigusa. Karani atatafuta mtu mmoja, atawaona wawili."

Akiwaona wawili, anakataa. Akikataa, ombi linaanguka, na kibali cha Sirisha kinaanguka nalo. Kungoja mlango ufunguliwe tena kwa sisi tuliozaliwa India, hata wakili hajui ni lini. Dawa, amesema, ni barua mpya inayosema kazi ya kweli. Bahati nzuri hajapeleka kitu.

Rahisi. Ila nyumbani mimi ni Mkurugenzi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Sijamwambia Sirisha. Wiki hii wana ukaguzi kwenye kliniki, si vizuri kumchanganya. Mimi ni mume mwenye huruma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata njia. Barua mbili! Ya kweli iende serikalini, ya heshima ibaki sebuleni ndani ya fremu. Nani atadhurika?

Nikampigia Bi. Darlene. Akauliza mtu mmoja anataka barua mbili za nini. Nikasema ni mambo ya mila na desturi. Akasema ningoje, ndiyo kwanza aisome ile ya kwanza. Alikuwa hajaisoma! Alitia saini kama anavyotia saini risiti za mafuta.

Akaisoma simuni, polepole, kwa sauti. Alipofika kwa watu arobaini, aliuliza nitawatoa wapi, na kama nimemhesabu mbwa wake. Alipofika kwenye dharura ya kitaifa, hakucheka.

"Phani, nimekuajiri uandike programu," akasema. "Kama huandiki, sina kazi ya kukupa."

Nikasema nitaandika. Nikasema napenda sana kuandika, ndiyo starehe yangu. Akasema atafikiri.

Kwa hiyo: kazi ya zamani nimeiacha, kazi mpya inafikiriwa, ombi linangoja barua isiyokuwepo. Sirisha ameniletea chai na kuniuliza mbona natabasamu hivyo. Sikujua kwamba natabasamu.

Jumanne, 18 Machi

Bi. Darlene bado anafikiri. Mtu mwenye malori anafikiri nini siku zote hizo?

Nimekwenda kwa Raghuram kujaribu kuirudisha notisi, kwa utani kwanza, ili akikataa iwe ni utani. Nikakuta kwenye kiti changu amekaa jamaa anaitwa Pradyumna. Notisi haijaisha! Ameshaweka mto wa kiuno, ameshaweka picha ya wazazi wake, na kikombe changu amekitia kalamu. Raghuram akanikaribisha chai kwa ukarimu mkubwa mno, dalili mbaya. Akasema nafasi imejaa na moyo wake umeshapoa. Kisha akauliza, tena kwa hamu, kama ni kweli huko naongoza watu arobaini. Nikauliza kayasikia wapi. Kumbe baba yake naye yuko kwake kwa matembezi. Anakaa benchini kila asubuhi.

Benchi hilo linapaswa kung'olewa na halmashauri!

Nyumbani, baba mkwe ameagiza laddu, vitafunio vitamu vya duara, za kugawa hekaluni siku ya Ugadi, mwaka mpya wetu, kwa jina la mkwe wake Mkurugenzi. Nilimwambia zisiwe nyingi. Akasema kwa watu arobaini hazitatosha. Wakili naye ameandika: barua iko wapi?

Jumamosi, 22 Machi

Nimeumbuka leo. Naandika ili nisije nikasahau, ingawa ningependa kusahau.

Mchana Chakradhar alipiga. Nilijua anataka kunichokoza, na nilikuwa nimeandaa jibu zuri, kwa hiyo nikaweka simu sauti ya wote ili baba mkwe alisikie. Baba mkwe alikuwa na kikombe mkononi. Sirisha alikuwa anakunja nguo.

"Mwanyumba, uko peke yako?" Chakradhar akauliza.

Nikasema niko peke yangu, asubuhi nzima niko kwenye mikakati.

"Basi nisikie. Benki wamenipunguza, tangu mwisho wa Februari. Nina siku sitini tu za kupata mwajiri, la sivyo nifunge virago na watoto wote. Kwenye hao watu arobaini wako, hakuna pengo? Hata la chini kabisa, nitakaa. Ila tafadhali baba asijue. Amenitangaza sana huko kwenu."

Cheo walimpa Januari, Februari wakamtoa. Ile siku aliyonipigia kunipongeza, sauti ile ya kwinini, alikuwa ameshaondolewa, na alipiga akitafuta pa kuanzia kuniomba. Nami nikamwambia wote wako chini yangu.

Ilikuwa nafasi ya kusema kweli. Nikafungua mdomo. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nitaangalia nafasi."

Sirisha akanipokonya simu. Akamwambia shemeji yake kwamba tutampigia baadaye, akaikata. Kisha akaniuliza mbele ya baba yake: hao watu arobaini, wako wapi?

Nikatapika yote. Watu kumi na tisa na mbwa. Wakili. Karani wa kuona watu wawili. Barua mbili. Kiti na mto wa Pradyumna. Nilipomaliza, hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Baba Nihira," akasema, "miaka minane nimekaa kwenye jiko hili mpaka nikavihesabu vigae. Vyenye ufa navijua kwa kuvipapasa. Ukinirudisha humu, safari hii utavihesabu wewe."

Baba mkwe akaweka kikombe chini. Nilingoja hotuba ya mwalimu mkuu. Hakutoa hotuba.

"Nilikuoza binti yangu kwa sababu hukuwa na makuu," akasema. "Benchi lisikutie wazimu. Benchi ni letu sisi tusio na kazi."

Nikaenda bafuni, nikafungua maji, nikalia kidogo. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nilimwonea huruma hata Chakradhar, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Nilipotoka, Sirisha alikuwa ameshapiga namba ya Bi. Darlene, akanipa simu na kusimama mbele yangu amekunja mikono. Nikasema kweli tupu. Kwamba mimi ni mwandishi wa programu, Daraja la Pili. Kwamba nilitaka kumfurahisha baba mkwe. Kwamba riziki ya mke wangu inategemea karatasi moja isiyo na uongo. Bi. Darlene akasema baba yake naye alimtesa mumewe mpaka mume huyo akanunua farasi, na kumpanda hajui. Akasema niandike upya, mke wangu aisome kwanza, naye safari hii ataisoma.

Kwa kuwa nilikuwa kwenye mteremko wa wema, nikamtajia na Chakradhar. Nikasema yeye ameongoza watu kwelikweli, watu wenye majina na mishahara. Bi. Darlene akasema ampigie.

Naona nimekua. Kweli nimekua.

Jumapili, 30 Machi

Ugadi. Tumekwenda hekaluni tangu asubuhi, tumeonja mchanganyiko wa mwaka mpya: sukari guru, embe bichi, ukwaju, pilipili, chumvi na maua ya mwarobaini. Unatakiwa uonje ladha zote sita bila kukunja uso, maana mwaka nao utakuwa na zote. Kijiko changu kilikuwa mwarobaini mtupu. Nimekunja uso.

Kisha kuhani akasoma falaki ya mwaka, kila nyota na fungu lake. Nyota yangu: heshima moja, aibu sita. Umati ukaguna. Baba mkwe akanipigapiga mgongoni na kusema aibu tatu nimeshazimaliza, zimebaki chache.

Laddu zimegawiwa kwa jina la "wakwe zangu wawili, watu wema," bila cheo. Nilitazama kando, vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Habari njema: wakili amepeleka barua mpya Alhamisi. Mchambuzi wa Mifumo. Ataandika programu kutwa. Sirisha aliisoma mara nne na kunikatia neno "mwandamizi". Bi. Feldman amesema sasa ni mtu mmoja, ila ameonya: Uhamiaji nao wana macho na mtandao wanao, kwa hiyo mahali popote pasitangazwe kazi nisiyoifanya, si kwenye tovuti wala kwenye mlango. Nimemwambia asiwe na shaka na mimi.

Na Chakradhar amepata! Bi. Darlene ameongea naye mara mbili, amempenda, na karatasi za kuhamisha visa yake zimeshaanza kuandaliwa. Atafikia kwetu mpaka apate nyumba. Hakusema ni nafasi gani, alisema tu anashukuru. Hata iwe ya chini kabisa, nitamlea. Nimeanza kumwandalia ushauri.

Jumatatu, 14 Aprili

Chakradhar ameanza leo. Tumekwenda kwa gari langu, njiani nikimweleza namna ya kuishi na wakubwa wa pale. Alisikiliza kwa adabu na kuitikia kwa kichwa.

Saa nne Bi. Darlene akatuita wote kwenye chumba cha mikutano, na mbwa. Akamshika Chakradhar begani, akatutambulisha kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mifumo na Mikakati, Amerika Kaskazini.

Nilidhani nimesikia vibaya.

Baadaye nilimfuata Bi. Darlene ofisini kwake. Akanieleza bila hila yoyote. Kampuni inakua, alihitaji kiongozi, mwanyumba wangu ana uzoefu. Na barua ilikuwepo tayari, imeandikwa vizuri, ilikuwa dhambi kuitupa. Alibadilisha jina, akatoa arobaini akaweka kumi na tisa. Mengine yote aliyaacha.

Nikauliza, hata dharura ya kitaifa?

Akasema hiyo ndiyo sentensi aliyoipenda kuliko zote.

Kwa hiyo Chakradhar atatunga sera. Chakradhar ataiwakilisha kampuni mbele ya wakuu. Chakradhar hatagusa programu kwa mkono wake, maana nitazigusa mimi, na kila Ijumaa nitampelekea taarifa. Na kitanda anacholala ni changu! Baba mkwe ameondoka benchini mapema jioni hii ili awahi kutuambia kwamba mzee wa daktari wa moyo amehamia bustani nyingine kabisa.

Sirisha amecheka mpaka akakaa sakafuni, juu ya vile vigae vyake. Kisha akainuka, akavaa sare, akaenda kliniki kwa zamu ya jioni akiimba. Nimejifariji kwa hilo. Kwa dakika kama kumi hivi.

Alhamisi, 17 Aprili

Bi. Darlene anataka kila mfanyakazi aandike maneno machache juu yake mwenyewe kwa ajili ya tovuti ya kampuni. Hana muda wa kuyasoma, amesema, yataingia moja kwa moja.

Leo nafanyia kazi nyumbani. Sirisha, kabla ya kutoka, alinishika kidevu kama mtoto. Akasema: andika "Anaandika programu," weka nukta, simama. Nimeandika hivyo hivyo. "Anaandika programu." Nukta.

Nikayatazama maneno hayo.

Kisha nikaona ya Chakradhar yameshawekwa. Aya tatu! Na picha, amevaa koti kama lile alilomnunulia baba mkwe. Baba mkwe akapita na kofia yake akielekea benchini, akauliza mimi nimeandikwaje huko. Akauliza tu, bila ubaya. Lakini aliuliza.

Mkono ukaanza wenyewe.

Sasa inasomeka: Mshauri Mwandamizi wa Mkurugenzi Mkuu, Mwasisi wa Mikakati Yote, Amerika Kaskazini na Visiwa Vyake. Wala si uongo, mikakati niliiasisi mimi, ninayo hata rasimu. Wakili hawezi kusoma kila kitu kilichoko duniani. Ana wateja wengi.

Na safari hii sikukurupuka. Nilifungua kwanza kalenda ya falaki: nuksi ya Alhamisi inakwisha saa tisa alasiri. Nikangoja kwa subira, macho kwenye simu, na saa tisa na dakika tano kamili nikaituma.

Baba mkwe amerudi. Ameitazama saa ya ukutani, na anauliza nimeituma saa ngapi. Sijui kwa nini anauliza.